Kilo Tano za Mchanga

Msomaji wangu, nina swali ambalo limeninyima usingizi wiki nzima. Mtu amefanya jambo la hatari. Hatari yenyewe haikutokea: watu wote wamefika salama, wamekula, wamelala. Je, mtu huyo amekosa, au hakukosa?

Nililipeleka kijiweni, pale tunapokunywa kahawa jioni. Wa kwanza akasema kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi, bwana? Wa pili akasema Mungu amekusitiri, nawe jisitiri, piga kimya. Wa tatu, ambaye ni mtu wa kupenda ubishi, akaniuliza kwanza mimi nimefanya nini. Hapo nikalipa kahawa yangu nikaondoka. Kwa hiyo jibu la huyo wa tatu nalileta hapa, kwenye karatasi, ambako hakuna anayenikazia macho.

Ila nitaanzia mbali kidogo. Nitaanzia kwenye bawa la ndege.

Mpwa wangu ana miaka 20 na anasoma ufundi chuoni. Likizo hii amekuja kukaa kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ambako mitaa haina majina ya makuu, ina namba tu: barabara ya ngapi, basi. Toka siku ya pili ameuteka ua wa nyuma. Dada yangu hana tena pa kuanika nguo. Kuna vumbi jeupe hadi kwenye sufuria, kuna harufu ya Araldite, na kuna kijana aliyeinama juu ya benchi na msasa kutoka alfajiri mpaka adhana ya magharibi. Anatengeneza ndege. Si ya kupanda watu. Ni ya rimoti, ya mashindano. Yeye na wenzake wawili wa chuo kila mmoja anajenga yake, na siku wakikutana watazishindanisha kwenye shamba la mkonge lililoachwa, huko nje ya mji. Kibali chao cha kurusha kilichukua muda mrefu kuliko ndege zenyewe, lakini kimetoka.

Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe! Katika mashindano ya kimataifa ya ndege za namna hii husimamishwa nguzo 3 za pembetatu, na ndege huzizunguka mara 10, kushoto, kushoto, kushoto, chini chini karibu na ardhi, na rubani amesimama nchi kavu na rimoti yake mkononi. Hao vijana wetu wamefuata utaratibu huohuo, ila nguzo zao ni miti ya mkonge, ile mirefu inayotoka katikati mmea unapozeeka.

Sasa, kwa nini bawa? Kwa sababu mbio zile, anasema mpwa wangu, hazishindwi kwenye mnyoofu. Zinashindwa kwenye kona. Alinipa ndoo yenye maji nusu akaniambia niizungushe juu ya kichwa. Nikazungusha. "Mkono unasikiaje, mjomba?" Mkono ulisikia ndoo imekuwa nzito maradufu. "Basi ndivyo bawa linavyosikia kwenye kona." Akaniwekea hesabu kwa mkaa ukutani, na dada akampigia kelele, lakini hesabu ipo mpaka leo: ndege inakwenda meta 40 kwa sekunde, yaani kilometa 144 kwa saa. Inakata kona ya nusu kipenyo cha meta 10. Zidisha kasi kwa kasi, gawanya kwa 10, unapata 160, ambayo ni kama mara 16 ya mvuto wa dunia. Ndege ya kilo 1 na nusu, kwenye kona ile, bawa lake linabeba kilo 24. Karibu nusu mfuko wa saruji, umekalia kitu ambacho ukikishika mkononi unaogopa kukibonyeza.

Kitu chenyewe ni hivi. Bawa lina urefu wa meta 1.2 kutoka ncha hadi ncha. Nyama yake ni lile boksi jeupe jepesi la kuwekea samaki na barafu, aliloliokota soko la samaki akaliosha siku tatu na bado paka wa mtaa mzima wanatutembelea. Analikata kwa waya wa jiko bovu la umeme, ameuvuta kama uzi wa upinde, ameupitishia umeme kidogo kutoka kwenye betri hadi ukapata moto, kisha anautembeza juu ya vibao viwili alivyovichonga umbo la bawa: mgongo umevimba, tumbo karibu bapa, mbele mviringo, nyuma wembe. Waya unapita kwenye boksi kama kisu kwenye boga lililoiva.

Umbo hilo ndilo linalobeba. Shuleni tulifundishwa eti hewa ya juu ya bawa inakimbia ili iwahi kukutana na mwenzake aliyepita chini. Si kweli, hewa hazina miadi. Bawa linaigeuza hewa kuisukuma chini, na hewa inalijibu kwa kulisukuma juu, na mgongo wake unanyonywa kuliko tumbo linavyosukumwa. Mzee jirani yetu, ambaye amechonga ngalawa maisha yake yote, alilishika bawa siku ile, akaliinamisha hivi na hivi, akaliweka wima mbele ya uso wake akifumba jicho moja. Akasema: "Hili ni tanga. Umelilaza tu." Mpwa wangu akatabasamu kwa adabu kama vijana wanavyotabasamu wazee wanapokosea. Lakini mzee hakukosea hata kidogo. Tanga la ngalawa inayokwenda bisho, yaani inayopanda upepo, halisukumwi kutoka nyuma kama shuka kwenye kamba. Linafanya kazi kama bawa, wima badala ya kulala. Katika mji wenye jina hili letu, ingekuwa aibu kutolijua hilo.

Boksi la samaki peke yake haliwezi kubeba nusu mfuko wa saruji. Ndani ya bawa kuna boriti. Yeye ameitengeneza kwa mwanzi wa milimani, kutoka upande wa Amani: ukanda mmoja wa mwanzi juu, mwingine chini, na katikati kibao chembamba cha plaiwudi cha kuzuia visiachane. Bawa likibeba, ncha zinapinda kwenda juu. Ukanda wa juu unaminywa, wa chini unavutwa. Mzigo mkubwa uko katikati, pale bawa linapokutana na mwili. Na hapa ndipo penye uchungu: bawa jembamba linapenya hewa vizuri zaidi, lakini ukipunguza kimo cha boriti kikawa nusu, kule kuminywa na kuvutwa kunakuwa maradufu. Kila unachokipata kwenye mnyoofu unakilipia kwenye kona.

Basi akaanza kupunguza. Kanda za mwanzi zilikuwa na unene wa milimeta 3. Akazipiga randa zikafika 2. Akaweka kwenye mizani ya duka la jirani: amepata gramu 20. Vijiko viwili vya sukari! Alifurahi kama aliyeokota almasi. Nikamuuliza vijiko viwili vya sukari vina faida gani. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, mbio ni vijiko viwili hapa, vijiko viwili pale."

Sikumcheka. Mimi ni mwandishi, au najaribu kuwa. Najua kazi ya kupunguza. Neno lisilobeba kitu hulitoa. Mzee wa ngalawa naye, akishachimba mwembe wake kwa tezo, hugonga ubavu kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akachonga tena, akagonga tena. Ngalawa nene ni gogo, haiendi. Kwa hiyo tafadhali msomaji usidhani nitakuhubiria kwamba kupunguza ni dhambi. Bawa ambalo fundi wake hakuthubutu kupunguza ni ubao, na ubao hauruki.

Sasa nifike kwenye mchanga.

Hao vijana watatu wana makubaliano, wameyaandika wenyewe kwenye karatasi moja ya daftari. Kila mmoja atengeneze mabawa mawili yaliyo sawasawa, la kuruka na la kujaribia. La kujaribia lipakiwe mchanga mpaka livunjike. Na lazima libebe mzigo wa kona mara 1 na nusu kabla ya kuvunjika. Kile kipimo cha 1 na nusu hawakukibuni. Ndicho kilichozoeleka katika ndege za abiria duniani: mzigo mkubwa kabisa unaoutarajia, ongeza nusu yake. Kwa hiyo 24 inakuwa 36. Chini ya karatasi kuna nafasi mbili: kilo zilizobebwa, na sahihi ya shahidi ambaye si fundi.

Shahidi ni mimi.

Dada alishona vifuko 36 vya kitambaa. Tukavijaza mchanga, kimoja kilo moja, kwa mizani ileile ya duka. Bawa likafungwa katikati juu ya benchi, tumbo likiangalia mbingu, maana mchanga unasukuma chini na hewa inasukuma juu, basi unaligeuza bawa. Tukapanga: kulia, kushoto, kulia, kushoto, vingi karibu na katikati, vichache kuelekea ncha. Watoto wa mtaa wakajaa ukutani. Wakawa wanahesabu kwa sauti kama wanahesabu magoli Mkwakwani.

Kifuko cha 24, bawa limepinda kama upinde, limetulia. Watoto wakashangilia. Cha 28, likatoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kidole. Mpwa wangu akanyamaza. 29. 30. 31. Nikaweka cha 32 mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, polepole kama ninavyomlaza mtoto. Ukanda wa juu ukakunjika katikati, paa! Mchanga ukamwagika, watoto wakapiga kelele za furaha. Watoto wanapenda kitu kivunjike.

Limebeba 31. Pungufu ya kilo 5.

Usiku baada ya kula akanijia na karatasi na kalamu. Lile bawa la kuruka lilikuwa limeshavishwa na kupakwa rangi, jekundu, zuri, na boriti ndani yake ni ileile ya milimeta 2. Kulifungua ni kuliua. Kutengeneza jingine ni wiki mbili, na mbio ni Jumamosi. "Mjomba," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwizi hata kidogo, ilikuwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "weka 36 tu, tia sahihi."

Nikamwambia ngoja kesho. Nikaenda kulala, nikalala macho wazi. Kwa sababu, msomaji, mimi hilo nimeshalifanya.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nilipata kibarua kwa mtu mwenye boti, kwenye bandari ndogo ya pwani hii ambayo sitaitaja. Boti ilikuwa inavusha watu kwenda Pemba. Kazi yangu ilikuwa daftari: jina la abiria, umri, jumla chini. Boti iliruhusiwa watu 40. Siku moja, karibu na sikukuu, walipanda 58. Najua ni 58 kwa sababu niliwahesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kulikuwa na mama mwenye mapacha. Sikujua kama niwahesabu wawili au mmoja, kwa kuwa walikuwa wamefungwa kanga moja. Mwenye boti hakunitisha, hakunipa hongo. Alisema tu, "Kijana, si unajua daftari linataka 40." Nikaandika 40. Majina 40, na waliobaki hawakuwa na majina.

Bahari ilikuwa shwari. Boti ilifika. Mama na mapacha wake walifika. Sikukuu ikaliwa. Nami nikalipwa, nikanunua viatu.

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli ya Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imezidishiwa watu na mizigo, na alfajiri ya tarehe 10 ikazama upande wa Nungwi. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na hata hesabu yao ikawa ugomvi. Fikiria hilo: watu walishindwa kukubaliana ni wangapi waliokufa kwa sababu hakuna daftari lililokuwa linajua ni wangapi waliopanda. Miaka kumi na mitano kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, Mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na jambo lilikuwa lilelile. Mimi niliisikia habari ya Spice Islander redioni, nimesimama uani hapahapa. Watu wote walilia. Mimi nililia pia, lakini nusu ya kilio changu ilikuwa ya hofu, kama mtu aliyeona kivuli chake mwenyewe kikipita barabarani bila yeye.

Maana nilichofanya mimi na alichofanya yeyote yule aliyeachia kundi lile lipande ni kitendo kimoja. Kalamu ileile. Kilichotofautiana ni bahari tu, na bahari si mimi niliyeituliza.

Kuna Mwingereza mmoja wa zamani, mwanahisabati, jina lake William Clifford, aliyeandika mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli ambaye anajua moyoni kwamba meli yake ni kuukuu, lakini anajibembeleza: imesafiri mara nyingi, itafika, Mungu yupo. Anaiacha iondoke na wahamiaji ndani. Inazama, naye anachukua fidia ya bima. Kila mtu anamlaani. Kisha Clifford anauliza: je, kama ingefika? Na anajibu kwamba hatia yake isingepungua hata chembe. Kitendo kikishatendeka ni sawa au si sawa milele, matunda yake hayawezi kukibadilisha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Mtu aliyekufa zamani kiasi hicho, aliyezaliwa nchi ya mbali kiasi hicho, amelijuaje daftari langu?

Lakini asubuhi nilipomweleza mpwa wangu hayo yote (ndiyo, nilimweleza, ni mtu wa kwanza kumweleza), hakunyamaza kwa heshima kama nilivyotaka. Alibisha. Na ubishi wake ulikuwa na nguvu, nitauandika kwa haki.

Alisema: "Mjomba, pole kwa yaliyokupata. Ila usichanganye. Kwenye boti yako kulikuwa na watu 58. Kwenye ndege yangu kuna nani? Hakuna. Betri, waya, na boksi la samaki. Ikivunjika nalia mimi." Akaendelea: 24 ndiyo kona kali kuliko zote, pengine hataikata hata mara moja. 31 ni zaidi ya 24. Ile nusu ya kuongeza waliiweka watu wanaorusha abiria mia tatu. Kwa nini yeye abebe hofu ya watu wengine kwenye bawa lake? Na hili la mwisho lilinigusa: "Wewe mwenyewe ulisema ubao hauruki."

Nilikaa nalo siku nzima. Kwa upande mmoja yuko sahihi kuliko anavyojua. Ndege ya rimoti ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo mtu anaweza kuuchezea mpaka, akaupita, akajifunza mpaka uko wapi, bila kuzikwa. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeyachunguza mabawa ya ndege wa angani miaka mingi, alikuwa anajifunga mabawa yake mwenyewe mwilini akajirusha kutoka kilimani. Agosti 1896 akaanguka, akafa siku iliyofuata. Ndugu wawili Wright, miaka mitano baadaye, walijifungia na sanduku la kupitishia upepo wakapima vibawa vidogo karibu 200 vya ukubwa wa kiganja, vikashindwa vilivyoshindwa bila mtu kuumia, na Desemba 1903 wakaruka. Vibawa vile na bawa la mpwa wangu ni ukoo mmoja. Kitu kisicho na mtu ndani kina haki ya kuvunjika. Nilimwambia hivyo, akafurahi, akanipa kalamu.

Nikamuuliza: na watoto?

Watoto gani?

Watoto waliokuwa ukutani. Wale waliohesabu mpaka 31. Unadhani siku ya mbio watabaki nyumbani? Ukirusha ndege kwenye shamba la mkonge, kabla haijamaliza mzunguko wa pili watoto wa kijiji kizima watakuwa wamefika, na watasimama palepale penye kona, kwa sababu kwenye kona ndipo ndege inapolia. Kilo 1 na nusu kwa kilometa 144 kwa saa, bawa moja likiwa limekatika, haina tena nguzo ya kuizunguka. Inakwenda inakotaka. Hakuna mtu ndani ya ndege, sawa. Ila kuna mtu chini yake. Na yeye, mwenye rimoti, anaweza kuinama.

Nadhani hapo ndipo lilipo tatizo la kila mwenye rimoti, iwe ya ndege au ya boti. Lilienthal alipopunguza, alipunguza cha kwake. Mwenye boti yangu alikuwa amesimama gatini na soda.

Halafu akanijibu tena, huyu mtoto hachoki. Akasema basi watoto tutawaweka mbali, tutafunga kamba. Nikasema vizuri, fungeni kamba. Lakini kamba mtaifunga umbali gani? Kamba ya bawa la 36 si kamba ya bawa la 31. Wenzako wakisoma 36 watafunga kamba ya 36. Mmoja atamleta mdogo wake, atampakata begani aone vizuri. Ukiandika 31, labda watasema poa, turushe, ila watu warudi nyuma ya barabara. Au labda watasema ukate kona pana. Hiyo ni shauri yao na yako, pamoja. Mwanzi wa milimeta 2 si kosa. Kuwaamulia wenzako bila wao kujua kwamba wameamuliwa, hapo ndipo ninaposhindwa mimi.

Nilipokuwa nasema hayo nilijisikia nasema vizuri, na mtu akijisikia anasema vizuri yafaa ajihofu. Kwa sababu lile la boti halikai sawa hivyo. Abiria wangu waliona. Hawakuhitaji daftari kujua wamebanana. Magoti yao yaliwaambia. Walipanda kwa miguu yao wenyewe. Je, nao hawakuamua? Mwenye boti angekwambia waliamua. Kwa miaka mingi nimelitumia jibu hilo kama shuka ya kujifunika. Lakini nikikumbuka uso wa yule mama, hakuwa mtu anayeamua. Alikuwa mtu ambaye boti nyingine haikuwepo. Alijua amebanwa, hakujua 40 ni nini, kwa nini 40, nani aliyepima. Daftari ndilo lililokuwa macho yake kwa jambo lile, na daftari lilikuwa na mimi.

Na kuna wale 18. Siku hizi ndilo linalonichoma zaidi, kuliko hata hatari yenyewe. Kama boti ingezama, ningekuwa na orodha ya 40, na 18 wasingekuwa wamekufa kwa sababu hawakuwa wamepanda. Mapacha wale sijui niliwaandika au la. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.

Kwa hiyo, yule mbishi wa kijiweni, jibu lako ni hilo. Niliandika 40. Wote walifika. Ndiyo, nilikosa, na kufika kwao hakunisafishi. Ni zawadi waliyopewa wao, si mimi. Wewe unaweza kubisha, na najua utabisha, kahawa nitalipa.

Jioni ile niliichukua karatasi. Nikaandika 31, kwa tarakimu na kwa maneno, kama wanavyoandika kwenye hundi, nikatia sahihi na tarehe. Mpwa wangu aliitazama, hakusema kitu, akaikunja akaitia mfukoni. Chakula cha usiku alikula chumbani. Shikamoo ya asubuhi alinipa, maana dada amemlea vizuri, lakini ilikuwa ya kutazama pembeni. Dada akaniuliza nimemfanya nini mwanawe. Nikasema nimeandika namba. Akasema namba gani hiyo ya kumnunisha mtoto siku nne?

Sijui karatasi ile aliipeleka kwa wenzake au aliichana. Sijui Jumamosi watarusha. Sitajifanya najua, pengine atatafuta shahidi mwingine, mtaani hawakosekani wanaojua kuandika 36. Pengine atakata kona pana na ashindwe na anilaumu mpaka uzeeni, na atakuwa na haki kidogo.

Ninachojua ni kwamba jana mchana nilimkuta amekaa kwenye mkeka na mzee wa ngalawa, wamepasua mwanzi mpya kati yao. Mzee ameshika ukanda mmoja sikioni, anaugonga kwa kifundo cha kidole. Bawa jekundu liko juu ya benchi, bado zima. Mpwa wangu aliponiona akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Mjomba, nipatie hiyo mizani."